Mwongozo: Kuitoa Q bila U kwenye Scrabble kwa maneno ambayo Mswahili unayajua tayari

Wadau, kila akija mtu mpya kijiweni tunapocheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni viwe maneno ya Kiingereza, maswali ni yale yale. Nimeshika Q, ambayo kwa Kiingereza kwa kawaida inafuatwa na U, na U sina, nifanyeje? QI ni neno kweli au mmejitungia? Mbona fulani kaweka QAT na mkamwachia? Naona bora niyaweke yote sehemu moja ili ukimaliza kusoma ukae mezani ucheze. Huu mwongozo ni wa anayeanza kabisa, yule ambaye maneno ya kawaida ya Kiingereza cha shule anayapanga vizuri tu, ila Q ikimwangukia anakaa nayo mpaka mechi inaisha.

Na kuna jambo nataka kila Mswahili alijue kabla hatujaenda mbali, sababu naona watu wanalipita juu juu. Haya maneno ya Q bila U yanayowatoa jasho hata Wazungu wenyewe, sehemu kubwa yametoka Kiarabu, na ni yale yale ambayo Kiswahili nacho kilichukua huko huko kwa Waarabu. Maana yake unaijua tangu mtoto, umeisikia madrasa, msikitini, kwenye taarifa ya habari, kwa majirani. Kinachokupungukia ni spelingi tu. Mtu wa London anakariri neno na maana yote mageni, we nusu ya kazi umeshamaliza.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Seti ya Scrabble ya Kiingereza iliyotimia. Kamili ina vipande 100, 98 vina herufi na 2 ni blanki, yaani vitupu unavyovitumia kama herufi yoyote. Ukinunua Kariakoo au ukinunua iliyotumika kwa mtu, hesabu kabla hujatoa hela. Q iwe moja, Z moja, J moja, X moja, K moja, U ziwe nne na I tisa. Hizo namba za U na I zishike, tutazirudia.
- Kaunta buku na peni. Usiandike kwenye simu, mkono unaoandika spelingi unaishika.
- Karatasi ya manila, mkasi na maka peni, za kutengenezea vikadi.
- Simu yenye programu ya kukagua maneno. Wachezaji wengi wa mashindano wanajifunzia kwa Zyzzyva, ila yoyote inayokuruhusu kuchagua listi ya Collins, yaani orodha ya maneno halali tunayotumia huku, inatosha.
- Mtu wa kucheza naye. Peke yako utakariri, lakini hutajua lini ya kuliweka neno na lini ya kulibania.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni listi kabla hamjachomoa herufi

Ugomvi mwingi wa mezani unaanzia hapa. Marekani na Kanada wana listi yao, sehemu nyingi zilizobaki duniani ikiwemo huku kwetu Afrika tunatumia ya Collins, na hizi mbili hazilingani. CH, ZO, OU, JA na KY zinakubalika Collins ila Wamarekani hawazitaki. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kwa programu ya Kimarekani akija kukaa na nyie atabisha kila dakika, na wala hana makosa, amesoma listi nyingine. Semeni mwanzoni, "tunatumia Collins", af muwe na simu moja mezani ya kukagulia na isitumike kwa kitu kingine mpaka mechi iishe.

Semeni pia anayebisha neno na kumbe lipo inakuwaje. Kuna meza anakatwa pointi, kuna meza hakatwi. Lolote mtakalochagua sawa, mradi mchague kabla.

2. Anza na QI, neno hilo moja tu

QI ni nguvu ya uhai kwa imani ya Wachina, ile wanayosema inapita mwilini, ndo hiyo hiyo wengine wanaandika CHI au KI, na zote tatu ni halali. Linaongezeka S linakuwa QIS.

Kwa nini uanze nalo? Rudi kwenye hesabu ya seti. U zipo nne, I zipo tisa. Anayesubiri U anasubiri kitu kinachopatikana chini ya nusu ya mara ambazo angepata I. Ukishaijua QI, Q inaacha kuwa mzigo, inakuwa herufi ya pointi 10 inayotaka I moja tu, yako au ya ubaoni. Mi nikikaa na mtu mpya nampa QI kwanza na namwacha acheze nayo kwa muda bila kumwongezea kitu, mpaka nione mwenyewe anaanza kuangalia ubao akitafuta I iliyo wazi kushoto au juu yake.

3. Yaingize maneno ya Kiarabu kwa kupitia Kiswahili chako

Hapa ndo penye utajiri, usikimbie. Kanuni ni moja: ile sauti ya Kiarabu inayoandikwa Q, Kiswahili kiliigeuza K. Chukua neno lako la Kiswahili, rudisha Q pale penye K, punguza irabu ya mwisho kama tuliiongeza sisi. Andika kwenye kaunta buku safu mbili, kushoto la Kiswahili kulia la Scrabble, hivi:

Talaka, TALAQ. Maana ni ile ile, kuvunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu. Tumeongeza A mwishoni, wao wanaishia na Q. Ni neno zuri sana sababu Q inakaa mwisho, na watu wengi hawategemei Q mwisho wa neno.

Kadhi, QADI. Hakimu wa Kiislamu, kama wale wa mahakama za kadhi Zanzibar. Angalia, H ya kwetu inaondoka.

Wakfu, WAQF. Mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au jamii. Hili lina pointi 19 hata bila boksi la rangi, yale ya ubaoni yanayozidisha pointi, sababu W ni 4 na F ni 4.

Fikihi, FIQH. Elimu ya sheria za Kiislamu, kila aliyekaa madrasa anaijua. Nalo lina pointi 19.

Nikabu, NIQAB. Kitambaa cha kufunika uso kikiacha macho. Lina ndugu yake BURQA, ile inayofunika mwili mzima na uso, machoni ina wavu. BURQA ina U ndani ila haipo baada ya Q, ndo maana mtu mwenye Q na U anaweza kuwa nalo mkononi na asilione.

Kibla, QIBLA. Upande wa Makka. Ukiwa Dar, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, na ndo maana Waswahili wa pwani tangu zamani wanaita kaskazini kibla. Ukilikumbuka hilo neno halikupotei tena.

Kaswida au kasida, QASIDA. Kwa Kiingereza ni aina ya shairi la Kiarabu. Herufi sita, siyo fupi sana, ila lipo.

Fakiri, FAQIR. Hapa maana imesogea kidogo. Kwetu fakiri au fukara ni maskini, kwa Kiingereza ni mtu wa dini, Muislamu au Mhindu, aliyeacha mali akaishi kwa sadaka.

Soko, SUQ. Soko la nchi za Kiarabu. Herufi tatu tu, na ni kati ya maneno machache mafupi yenye Q mwishoni.

Na mirungi ni QAT. Hili Kiswahili chetu hakifanani nalo, jina tulilochukua ni lingine, ila mmea ni ule ule wanaotafuna Yemen na Pembe ya Afrika. Huku kwetu ni marufuku kisheria, neno lenyewe ubaoni halina shida yoyote.

Mengi ya haya yana spelingi zaidi ya moja, na hiyo inakusaidia hata siku huna Q. QADI ni KADI ni CADI. QAT ni KAT ni KHAT. SUQ ni SUK ni SOUK. FAQIR ni FAKIR. WAQF ni WAKF. TALAQ ni TALAK. Kwa hiyo ukijua neno moja umepata mawili matatu kwa maana moja, na K yenyewe ni pointi 5.

4. Yale ambayo Kiswahili hakikusaidii

Machache, yakariri tu. QOPH ni herufi ya alfabeti ya Kiebrania, pointi 18. QANAT ni mfereji wa maji unaochimbwa chini ya ardhi, wa Uajemi. QAID ni kiongozi au chifu wa Kiarabu. TRANQ ni dawa ya kutuliza, wamelikata lile neno refu. CINQ ni namba tano kwenye dadu au karata. Mengine kama QIGONG, QWERTY, SHEQEL, UMIAQ na MBAQANGA yapo, lakini sijaona haja ya mtu anayeanza kuyagusa, utayakuta mbele ya safari. MBAQANGA ni muziki wa Afrika Kusini, nalitaja kwa sababu nalipenda.

Kuna kijana pale Sinza alikuwa na A, A, E, L, N, Q, T mkononi, akaangalia weee, akarudisha Q mfukoni na nyingine tatu akachukua mpya. QANAT ilikuwa imekaa pale pale mbele yake, na ubaoni kulikuwa na boksi la kuzidisha neno mara mbili liko wazi kabisa, pointi 28. Alikuwa anaijua QANAT, alishaiandika kwenye daftari lake. Shida ni kwamba aliijua kwa mpangilio wa QANAT, hakuijua kwa mpangilio wa mfuko. Ndo hatua inayofuata.

5. Jifunze herufi zikiwa zimevurugwa

Mfuko haukupi neno, unakupa herufi. Kwa hiyo ukitengeneza vikadi vya manila usiandike mbele neno la Kiingereza na nyuma maana, hivyo ni vya mtihani wa shule. Mbele andika herufi zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, nyuma ndo uandike neno na maana ya Kiswahili. Yaani hivi:

- AQT, nyuma QAT, mirungi
- QSU, nyuma SUQ, soko
- ADIQ, nyuma QADI, kadhi, na QAID, chifu
- AFQW, nyuma WAQF, wakfu
- FHIQ, nyuma FIQH, fikihi
- HOPQ, nyuma QOPH, herufi ya Kiebrania
- AALQT, nyuma TALAQ, talaka
- AANQT, nyuma QANAT, mfereji
- ABINQ, nyuma NIQAB, nikabu
- ABILQ, nyuma QIBLA, kibla
- ABQRU, nyuma BURQA
- AFIQR, nyuma FAQIR

Ona ADIQ inavyotoa mawili. Herufi zile zile nne, maneno mawili, moja linaanza QA na kuishia DI, jingine linaishia ID. Maana yake una nafasi mbili za kulibandika, kama D ya ubaoni haikubali moja jaribu la pili. Af linganisha AALQT na AANQT, tofauti ni herufi moja. Ukishaziona zikiwa jirani hivyo macho yanazoea, ukipata A mbili na Q na T unajua unatafuta L au N.

Halafu mezani mwenyewe panga herufi zako kwenye kibao kwa alfabeti kila unapochomoa mpya. Sekunde chache tu, na kadi zinaanza kukujia zenyewe. Vikadi tembea navyo mfukoni. Foleni ya Mbagala au ukisubiri mwendokasi Kimara inatosha kuvipitia vyote mara kadhaa, ukiwa umesimama umeshika bomba kwa mkono mmoja.

6. Jua nini kinadandia wapi

Kudandia ninamaanisha kuongeza herufi kwenye neno lililopo ili upate neno jingine. Maneno yote niliyotaja hatua ya 2 na 3, na yale matano ya mwanzo ya hatua ya 4, yanakubali S mwishoni: QIS, QATS, SUQS, QADIS, QAIDS, WAQFS, FIQHS, QOPHS, TALAQS na kuendelea. Mpinzani akiweka QAT na wewe una S, unaweka neno lako kwa chini huku S yake inaigeuza QAT kuwa QATS, unazoa pointi za Q ambayo hata hukuichomoa wewe.

Kuna moja tamu, TALA. Ni pesa ya Samoa, neno halali. Mtu akiliweka na mbele yake pako wazi, Q inadandia linakuwa TALAQ. Haitokei mara nyingi ila ikitokea usiilaze.

7. Weka Q kwenye boksi la kuzidisha herufi mara tatu, kwa njia mbili

Tulia hapa. Kuna boksi za kuzidisha herufi mara tatu, kwa mfano ile ya mstari wa sita safu ya sita. Sema chini yake tayari kuna I ya neno la mtu, na boksi la kulia halina kitu, na we mkononi una Q na I. Weka Q kwenye lile boksi, I yako kulia kwake. Kwa kulala umepata QI, kwa kusimama umepata QI nyingine na ile I ya chini. Q mara tatu ni 30, jumlisha I moja ni 31, na zinahesabiwa zote mbili, jumla 62. Herufi mbili tu umetumia. Neno linalomaliza herufi zako zote saba kwa mpigo linakupa ziada ya 50, hapa umeipita kwa neno la herufi mbili ulilojifunza siku ya kwanza.

Kwa hiyo kila unapoona I imekaa chini au kulia kwa boksi la mara tatu, iandike kichwani. Na kama Q haijatoka bado na unaona nafasi kama hiyo na we Q huna, izibe hata kwa neno la pointi chache, sababu huenda anayo mwenzako.

8. Ongeza X, Z na J ukishazoea

Nitapita haraka. X inakaa na kila irabu kwa herufi mbili: AX shoka, EX mpenzi wa zamani, XI herufi ya 14 ya Kigiriki, OX maksai, XU pesa ndogo ya Vietnam. Ndo maana X ni herufi rahisi kuliko zote kubwa, mtu mwenye X na irabu yoyote hana haki ya kulalamika. Z ina ZA, pizza kwa lugha ya mtaani ya Marekani, na ZO, ng'ombe chotara wa kule Himalaya, na ZE, kiwakilishi kisichotaja jinsia. J ina JO, mpenzi kwa Kiskoti, na JA, ndiyo. Kuna na KA, roho ya mtu kwa imani ya Misri ya kale. Vikadi vyake tengeneza vile vile.

Kuna watu watakwambia maana hazina haja, kariri tu. Watakutajia Nigel Richards wa New Zealand aliyechukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa haongei. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini yule ni mtu wa kumbukumbu ya ajabu, na mi nimeona kwa watu wa kawaida kijiweni kwamba neno lenye maana linakaa, lisilo na maana linaondoka na wiki. Mfano wa kufuata kwetu uko karibu zaidi: mwaka huo huo wa 2015 Mnigeria Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, kule Perth, Australia, na Wanigeria walijulikana kwa kuyasomea sana maneno ya herufi nne tano badala ya kukimbilia marefu kila mara.

9. Jua lini ya kuirudisha Q mfukoni

Kubadilisha herufi kunakula zamu yako, na kwa kanuni rasmi unaruhusiwa tu kama mfukoni zimebaki angalau saba. Mi naangalia hivi: kama I ubaoni zote zimefungwa, mkononi sina I wala A, na zamu mbili zimepita Q iko pale pale, naibadilisha bila huruma. Kuishika Q ni kucheza na herufi sita wakati mwenzako anacheza na saba.

Makosa yanayojirudia sana

Kuweka spelingi ya Kiswahili. Umeshakumbuka wakfu, ukaweka WAKFU, limekataliwa na zamu imepotea. Collins imepokea maneno yetu kadhaa kama UGALI, UHURU, PANGA na SAFARI, lakini usidhani yote yamo. Kama hujalikagua usiliweke.

Kuchanganya QAID na mkaidi. Hayahusiani kabisa, QAID ni kiongozi. Ukilikariri kwa kulifungamanisha na neno ukaidi, siku moja utaweka spelingi nyingine.

Majina ya nchi. QATAR hapana, IRAQ hapana. Majina ya watu na nchi hayachezwi, hata kama kila mtu mezani anayajua.

Kudhani S inadandia kila kitu. QUA, yaani "kwa nafasi ya", haichukui S. Inachukua D ikawa QUAD, G ikawa QUAG, Y ikawa QUAY.

Kutumia blanki kama U ili tu Q itoke kwa pointi 15. Blanki ni mbili tu kwenye seti nzima na ndo zinazokupa maneno ya herufi saba. Tafuta I kwanza.

Kung'ang'ania U. Umeichomoa U, unaibania zamu nne ukisema Q itakuja. Q ni moja na mko wawili, huenda iko kwake.

Ukikwama

*Nakariri leo, kesho kutwa sikumbuki.* Umechukua mengi kwa mpigo. Rudi kwenye kadi tano, ongeza nyingine pale tu hizo tano unazijibu bila kufikiria. Na hakikisha unajipima kuanzia upande wa herufi zilizovurugwa, ukianzia upande wa neno unajidanganya.

*Programu inakataa neno ulilosema ni halali.* Fungua mipangilio uangalie listi, mara nyingi iko kwenye ya Kimarekani. Badilisha iwe Collins. Ikiwa bado inakataa kagua herufi moja moja, TALAQ haina A ya mwisho na QADI haina H.

*Mzee mmoja mezani hakubali QI, anasema tunaharibu mchezo.* Usibishane naye kwa mdomo. Mpe simu akague mwenyewe, mwambie na maana yake, na mwonyeshe QADI na TALAQ. Wazee wengi wa Dar wakiona kadhi na talaka zimo wanalegea haraka na wanakuwa wakali kuliko wewe.

*Nina Q na irabu tupu.* Una I? Weka QI mahali popote panapokubali na umalize. Huna I ila una A? Tafuta T iliyo wazi ubaoni kwa QAT, au D na I kwa QADI. Una U? Angalia S iliyo wazi kulia kwake, SUQ.

*Nina Q, mfuko umeisha, na ubao umefungwa.* Hapa kila zamu ni ya thamani. Mwenzako akimaliza herufi zake kabla yako, wewe unakatwa 10 za Q na yeye anaongezewa 10 hizo hizo, tofauti ni 20. Kwa hiyo mfuko ukikaribia kuisha na Q bado unayo, acha kutafuta neno la pointi nyingi, tumia zamu yako kufungua I, yaani weka neno lako ili I yake ibaki na boksi tupu juu au kushoto, na uchague sehemu mbili kama unaweza. Mwenzako ana zamu moja tu, ataziba moja, ya pili unaingiza QI.